Vyaelea Vimeundwa: Swali Tusilouliza Kuhusu Unga wa Mwani

Katika maduka ya dawa na ya vyakula vya afya ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, makopo ya unga wa kijani hayakosekani siku hizi. Kando yake kuna vidonge na kapsuli za mafuta ya mwani wa baharini. Ahadi zake ni nyingi: moyo utaimarika, macho yatalindwa, kinga itapanda, ngozi itang'aa. Lebo hukutajia jina la mwani kwa Kilatini, hukutajia nchi ulikotoka, kisha hugonga muhuri wa neno asilia. Isichokutajia ni safari ya mwani wenyewe kutoka majini hadi kwenye kopo: ulivunwaje, ulikaa saa ngapi kabla ya kukaushwa, ulikaushwa kwa njia gani, kuta za chembe zake zilipasuliwa au la, na mafuta yake yalikingwaje dhidi ya hewa.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Faida ya kiafya ya mwani nayo huundwa, na huundwa kiwandani. Jina la mwani linatueleza nusu tu ya habari, na mara nyingi si ile nusu tunayoihitaji. Mwani uleule wa bwawa lilelile waweza kutoka ukiwa lishe ya maana, au ukatoka ukiwa vumbi la kijani la bei ghali. Mnunuzi asiyejua utayarishaji wake analipia jina, na mamlaka inayosajili bidhaa bila kuuliza utayarishaji inasajili jina.

Tuelewane kwanza ni mwani upi. Si ule unaofungwa kwenye kamba huko Paje na Jambiani na kuanikwa ufukweni. Huu ni mwani wa chembe moja moja, usioonekana bila hadubini. Chembe ya Nannochloropsis, mmoja wa miani inayokuzwa sana kwa ajili ya mafuta yake, ina upana wa maikromita 2 hadi 4 tu. Chembe 250 zilizo kubwa kabisa zikipangwa mstari mmoja zitafika milimita moja. Upo pia Phaeodactylum tricornutum, ambao ni dayatomu yenye rangi ya kahawia iitwayo fukozanthini. Upo Tetraselmis chui, wenye rangi ya kijani. Na Dunaliella salina, unaostahimili maji ya chumvi kali na kujaa beta-karotini hadi ukawa mwekundu. Huyo wa mwisho anahusika na ile rangi ya waridi inayoonekana kwenye mabwawa ya chumvi duniani kote, akisaidiwa na vijidudu vingine vinavyopenda chumvi. Mfaransa Michel Félix Dunal alimwona mwaka 1838 katika mashamba ya chumvi karibu na Montpellier, na ndiye aliyeachiwa jina.

Umuhimu wa viumbe hawa kwa afya hauhitaji kutiwa chumvi. Zile asidi za mafuta aina ya omega-3 ziitwazo EPA na DHA, ambazo daktari akikushauri ule samaki huwa anazifikiria, kwa sehemu kubwa hazitengenezwi na samaki. Hutengenezwa na mwani mdogo. Viumbe wadogo wa majini huula mwani, dagaa huwala hao, na jodari humla dagaa. Mla dagaa wa Unguja anakula mafuta ya mwani ambayo yamepitia matumbo mawili matatu. Kwa hiyo wazo la kwenda moja kwa moja kwenye chanzo na kumwacha samaki baharini lina mantiki nzuri, hasa wakati huu ambapo samaki wanapungua na watu wanaongezeka.

Na wazo hilo limekwisha kujaribiwa. Kampuni ya Marekani iitwayo Martek, iliyoanzishwa mwaka 1985 na wanasayansi waliokuwa wamefanya utafiti wa mwani kwa ajili ya safari za anga, ilikuza kiumbe cha baharini kiitwacho Crypthecodinium cohnii ndani ya matangi yaliyofungwa na kukamua DHA yake. Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani haikupinga mafuta hayo kutiwa kwenye maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Mwaka 2008 ukachapishwa utafiti uliowalinganisha watu wazima 32: baadhi walikula samaki wa salmoni aliyepikwa, wengine wakameza kapsuli za mafuta ya mwani, kila mmoja akipata takriban miligramu 600 za DHA kwa siku kwa wiki mbili. DHA iliyofika kwenye damu yao ililingana.

Wauzaji wa unga hupenda kutaja matokeo kama hayo. Ila watu wale walimeza mafuta yaliyokwisha kukamuliwa, kusafishwa na kufungwa ndani ya kapsuli. Hawakulamba unga wa mwani mzima. Kumshawishi mnunuzi wa unga kwa ushahidi wa mafuta ni kumuuzia kitu kimoja kwa cheti cha kitu kingine, na tofauti ya vitu hivyo viwili ni utayarishaji peke yake.

Tuanze na ukuta. Chembe ya Nannochloropsis imezungukwa na tabaka la selulosi, na juu yake kuna tabaka jingine la kitu kigumu kiitwacho algaenani, ambacho hata asidi na magadi makali huhangaika nacho. Tumbo la binadamu halina kimeng'enya cha kuvunja selulosi, sembuse hicho cha juu. Sasa fikiria lebo inayosema unga huu una asilimia kadhaa za EPA. Yawezekana kabisa inasema kweli, kwa sababu maabara iliyopima ilitumia viyeyushi na asidi kali kuzipasua chembe zote kabla ya kupima. Tumbo halina vifaa hivyo. Kilichoandikwa kwenye lebo ni kile kilichomo. Kile kinachotoka kwenye chembe na kuingia kwenye damu ni hesabu nyingine. Majaribio ya usagaji wa chakula kwenye maabara na kwa wanyama yameonyesha hivyo mara kadhaa: chembe zikipasuliwa kabla, mafuta na rangi zake hutoka kwa wingi zaidi kuliko zikiachwa nzima.

Njia za kupasua zipo na zinafahamika. Kuna vinu ambamo mwani husagwa pamoja na shanga ndogo ngumu. Kuna mashine zinazousukuma kwa shinikizo kubwa kupitia tundu jembamba hadi chembe zinararuka. Kuna mawimbi ya sauti, kuna mapigo ya umeme, kuna vimeng'enya vinavyotafuna ukuta taratibu. Kila njia ina gharama yake na madhara yake: msuguano wa kinu huzalisha joto, na mafuta yaliyotolewa kwenye ngome yake hukutana na hewa. Wala si kila mwani unahitaji nguvu hizo. Dunaliella hauna ukuta mgumu. Ni utando mwepesi tu, nao hupasuka kwa urahisi. Ndiyo maana kauli ya jumla kwamba mwani una faida fulani haina maana mpaka tujue ni mwani gani na ulifanywa nini.

Kabla ya ukuta kuna maji, na hapa ndipo pesa nyingi na ubora mwingi hupotelea. Katika mabwawa ya wazi, lita moja ya maji mara nyingi huwa na gramu moja tu ya mwani mkavu, au pungufu. Kupata kilo moja ya unga, basi, ni kuchuja au kuzungusha mashineni lita 1,000 za maji na zaidi. Kinachobaki ni rojo la kijani lenye maji mengi bado, lililojaa protini na mafuta. Katika joto la pwani, rojo hilo halina siku mbili. Lina saa chache. Chembe zimekwisha kuvunwa lakini vimeng'enya vyake havijafa. Vinaendelea kukata mafuta vipande vipande na kuachia asidi huru, ambazo huharibika haraka zaidi zikikutana na oksijeni. Bakteria nao hawasubiri. Kiwanda kilichochelewesha rojo lake usiku mzima bila ubaridi kimekwisha kushusha ubora kabla hata ya kuwasha kikaushio, na hakuna lebo itakayokuambia hivyo.

Kisha kunakuja kukausha, hatua ambayo naiona ni kitovu cha suala zima. Njia ya jua ni rahisi na haina bili ya umeme, lakini huuweka mwani kwa saa nyingi mbele ya maadui wake watatu kwa pamoja: mwanga, joto na hewa. EPA ina viungo pacha vitano katika mnyororo wake na DHA ina sita, na kila kiungo pacha ni mlango wa oksijeni. Fukozanthini na beta-karotini nazo zina milango ya namna hiyo. Vumbi na kinyesi cha ndege ni nyongeza.

Njia inayotumika zaidi viwandani ni kupuliza rojo liwe matone madogo ndani ya hewa iliyopashwa moto, mara nyingi kati ya nyuzi 150 na 200 za Selsiasi. Joto hilo linatisha likisomwa kwenye karatasi, lakini tone hukauka kwa sekunde chache na uvukizaji wa maji hulipoza, kwa hiyo lenyewe halifikii joto la hewa inayoingia. Hasara ipo, ila si maangamizi. Bado, rangi laini hupungua. Fikosayanini, ile rangi ya buluu ya spirulina, huanza kuharibika joto likipita takriban nyuzi 45 hadi 50, na ikivuka 60 huharibika kwa kasi. Spirulina si wa baharini. Ndugu zake wa hapa kwetu hustawi katika maziwa ya magadi kama Nakuru, Bogoria na Natron, ambako ndio chakula cha heroe wadogo. Lakini hautofautiani na miani ya bahari katika jambo hili la joto.

Njia ya tatu ni kuugandisha mwani kisha kuondoa barafu yake katika ombwe, bila kuipitisha kwenye hali ya maji. Hii hulinda vitu vingi kuliko nyingine zote, na hugharimu mara kadhaa zaidi. Wauzaji wanaoitumia hujivunia, na wana haki. Ila nayo ina mtego wake. Barafu ikitoka huacha matundu, na unga unaobaki ni wenye vinyweleo vingi, kama sifongo. Hewa hupenya kila mahali. Ukiufungasha katika kopo la kawaida, ukauacha rafuni penye joto la Dar es Salaam kwa miezi sita, mafuta yake yanaweza kuchacha haraka kuliko ya unga uliopulizwa. Kwa hiyo hata neno hilo la fahari kwenye lebo halitoshi peke yake. Njia bora ya kukausha ikifuatiwa na ufungashaji mbovu ni gharama iliyotupwa.

Kuna wasomaji ambao wakifika hapa watasema: si ndiyo sababu ya kuepuka viwanda? Tule mwani ukiwa mbichi, kama Mungu alivyouumba. Imani hiyo ina wafuasi wengi, na wafanyabiashara wanajua kuichuma. Sikubaliani nayo kwa sababu mbili.

Ya kwanza tumekwisha kuiona: mwani wenye ukuta mgumu, ukiuacha kama ulivyoumbwa, hupita tumboni na kutoka na sehemu kubwa ya mali yake. Hata karotenoidi, yaani rangi kama beta-karotini na fukozanthini, zikisha kutoka kwenye chembe zinahitaji mafuta ili zifyonzwe. Mama anayepika mchicha kwa tui la nazi anaufanyia mwili hisani ambayo mla majani makavu hawezi kujifanyia, na kanuni hiyohiyo inamhusu anayekoroga kijiko cha Dunaliella kwenye glasi ya maji matupu.

Ya pili ni kwamba joto, likitumiwa kwa wakati wake, ni mlinzi. Japani ililijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1977 watu waliokuwa wakila vidonge vya Chlorella, mwani wa kijani unaokuzwa zaidi katika maji baridi, walipatwa na uvimbe na vidonda vya ngozi kila mahali palipopigwa na jua. Mwani wenyewe haukuwa na sumu. Tatizo lilitokea katika utayarishaji: kimeng'enya kiitwacho klorofilasi kiliachwa hai, kikaikata klorofili, na mwisho wa mabadiliko hayo kukapatikana feoforbaidi, kemikali ambayo ikiingia kwenye damu huifanya ngozi iungue juani. Mwaka 1981 serikali ya Japani iliweka kikomo cha kemikali hiyo katika bidhaa za Chlorella. Watengenezaji wakajifunza kuua kimeng'enya kwa joto la haraka mara baada ya kuvuna. Mwani wa namna ileile, rangi ileile ya kijani kwenye kidonge, lakini mmoja hulisha na mwingine huunguza. Kilichowatenganisha ni dakika chache za joto zilizofanywa au zisizofanywa.

Kwa hiyo mgawanyo wa asilia na kiwanda haufai. Mgawanyo wa kweli ni kati ya utayarishaji uliofikiriwa na ule wa kubahatisha.

Ukamuaji wa mafuta nao unastahili maswali. Kiyeyushi kiitwacho heksani hukamua vizuri na kwa bei nafuu, lakini lazima kiondolewe chote baadaye. Ethanoli ni salama zaidi kwa chakula. Wengine hutumia gesi ya kabonidayoksaidi iliyopashwa joto kupita nyuzi 31 na kushindiliwa zaidi ya mara 70 ya kanieneo la kawaida, ambapo huyeyusha mafuta kisha huondoka yenyewe bila kuacha mabaki. Inasifiwa kuwa safi, na kweli ni safi. Lakini peke yake huchukua aina fulani za mafuta na kuziacha nyingine, hasa zile zilizojengwa kwenye utando wa chembe, na katika Nannochloropsis sehemu kubwa ya EPA imo humo. Mwaka 2013 utafiti mdogo kwa vijana wa kiume 10 wenye afya ulilinganisha mafuta ya mwani huo yenye EPA katika umbo hilo la utando na mafuta ya krili. EPA ilipanda zaidi kwenye damu yao walipokula ya mwani. Watu kumi ni wachache, na damu ya siku moja si moyo wa miaka ishirini. Hata hivyo utafiti huo unadokeza kwamba umbo la mafuta lina uzito wake, na umbo huamuliwa na njia ya kukamua.

Kukamua pia ni kukusanya, na kukusanya kupita kiasi kuna hatari. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la Finland lililowahusu wanaume wavutaji sigara 29,133. Waliopewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Beta-karotini ile ilitengenezwa kiwandani, haikutoka kwenye mwani, na si haki kuubebesha Dunaliella kesi yote. Lakini somo linabaki: kirutubishi kinachofanya kazi njema ndani ya chakula kinaweza kugeuka kikitenganishwa na kumwagwa kwa wingi mwilini mwa mtu asiyefaa kukipata. Kapsuli ya beta-karotini inayouzwa kwa mvutaji sigara bila onyo ni kosa, hata ingetoka kwenye bwawa safi kuliko yote duniani.

Vilevile yako mambo ambayo utayarishaji hauwezi kuyarekebisha. Mwaka 1987 zaidi ya watu 100 waliugua nchini Kanada, na wengine wakafa, baada ya kula kome wa Kisiwa cha Prince Edward. Kome hao walikuwa wamechuja dayatomu zenye asidi ya domoiki, sumu inayoharibu ubongo na kufuta kumbukumbu. Kupika hakukuwaokoa, kwa maana sumu hiyo haivunjiki kwa joto la jikoni. Mwani wa kuokota baharini bila kujua ni upi hauna kikaushio cha kuutakasa. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya, uliporuhusu Tetraselmis chui uliokaushwa uingie kwenye vyakula, uliandika katika masharti yake kwamba ukuzwe kwenye vyombo vilivyofungwa, katika maji ya bahari yaliyotakaswa, mbali na hewa ya nje. Wale hawakusajili jina tu. Walisajili na namna.

Kanuni hizohizo zinatufundisha kupiga hesabu. Kiwango kilichoruhusiwa kwa virutubisho vya ziada vya mwani huo ni miligramu 250 kwa siku. Mafuta yake yote hayazidi asilimia 8 ya uzito, yaani miligramu 20. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inapendekeza mtu mzima apate miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku. Hata utayarishaji usio na dosari hauwezi kutoa 250 kutoka kwenye 20. Yapo mengine ya kuusifia mwani huo, kama madini na ladha yake ya bahari katika michuzi, lakini anayeuza kidonge chake kwa jina la omega-3 anategemea mnunuzi asijue kugawanya.

Hoja hii itapingwa, na wapinzani wake wawili wanastahili majibu. Kuna watengenezaji watakaosema njia zao ni siri ya biashara. Hatuhitaji joto la mashine yao kwa nyuzi kamili wala muundo wa kinu. Kusema kama mwani ulikaushwa kwa jua, kwa kupulizwa au kwa kugandishwa si kutoa siri, kama ambavyo muuza kahawa hatoi siri akisema kahawa yake imekaangwa. Na kuna watakaosema masharti haya yatawaua wazalishaji wadogo wa kwetu kabla hawajasimama. Nadhani ni kinyume chake. Mzalishaji mdogo aliye karibu na soko, anayeuza unga wa mwezi huu, atashinda kopo lililozunguka bahari mbili na kukaa bohari mwaka mzima, ilimradi mnunuzi ana namna ya kuona tofauti. Lebo inayonyamaza humlinda mkubwa.

Hilo linanipeleka kwenye uchumi wa buluu, ambao viongozi wetu wanauimba. Zanzibar inalima mwani mkubwa tangu mwaka 1989, kazi iliyobebwa na wanawake, na kwa miaka yote hiyo sehemu kubwa ya mavuno imeondoka ikiwa kavu na ghafi, thamani ikatengenezwa kwa wengine. Mwani mdogo ukija kesho kwenye mabwawa ya chumvi ya Gongoni au Bagamoyo, na tukaleta mabwawa bila vikaushio, bila ubaridi wa kuhifadhi rojo na bila maabara ya kupima mafuta yaliyochacha, tutarudia historia ileile kwa mmea mdogo zaidi. Shilingi ya kwanza ya uwekezaji iende kwenye kile kinachofuata mavuno.

Wala tusisahau kwamba tayari tuna chombo cha kuufikisha mwani huo mwilini: dagaa. Wa Unguja huchemshwa kwa maji ya chumvi, huanikwa, hufungwa kwenye viroba na kusafiri hadi Kongo. Familia inayokula dagaa wa bahari mara kadhaa kwa wiki haina haja kubwa ya unga wa kijani wa bei mbaya. Wenye haja ni wengine: wasiokula samaki kwa imani au kwa mzio, na wajawazito wasiopata samaki. Lakini dagaa naye anaandamwa na kanuni zilezile. Aliyeanikwa kwenye mchanga siku tatu za mawingu si sawa na aliyekaushwa haraka juu ya chanja na kuwekwa mbali na jua. Mafuta ya mwani aliyoyakusanya dagaa baharini yanaweza kuchacha nchi kavu kabla hayajafika Lubumbashi. Fedha tunazotaka kuzitumia kwa vidonge vya wachache zingefanya kazi kubwa zaidi zikijenga chanja na vikaushio kwa wachemshaji wa dagaa.

Kwa wanaonunua bidhaa za mwani, ushauri wangu ni mfupi. Usinunue unga ulio kwenye kopo la kioo linalopitisha mwanga. Fungua unuse, harufu ya bahari ni sawa, harufu ya mafuta ya zamani au ya koroboi si sawa. Tafuta miligramu za EPA na DHA, si miligramu za mwani. Kama ni mwani wenye ukuta mgumu, uliza umepasuliwa au la. Muuzaji asiyejua akuulizie kwa aliyemletea.

Kwa mamlaka, nina maombi mawili tu. Tangu mwaka 2019 Shirika la Viwango Tanzania ndilo linalosimamia usalama wa chakula Tanzania Bara, Zanzibar ina wakala wake, na Kenya ina shirika lake la viwango. Zote tatu zinaweza kudai mambo haya kwa waraka mmoja. La kwanza, kila bidhaa ya mwani inayouzwa kwa jina la omega-3 iandike kiasi cha EPA na DHA kwa kila kipimo cha siku, na kiasi hicho kiwe kinahakikishwa hadi tarehe ya mwisho wa matumizi, si siku ya kutoka kiwandani. Hakuna anayeweza kutoa hakikisho hilo bila kuvuna upesi, kukausha vizuri na kufungasha bila hewa, kwa hiyo sharti moja litavuta mengine matatu. La pili, iandike njia ya kukausha na kama chembe zimepasuliwa. Ni maneno machache kwenye lebo, hayagharimu maabara wala mtambo, na mwenye cha kuficha ndiye atakayeyaona mazito.